Mombasa hadi Malindi kwa magari ya kale, na masinia njiani

Kama una gari la zamani na unaogopa kulitoa nje ya mji, nenda na klabu, tena chagua safari ya kula. Nimerudi kutoka Malindi na Pijo 504 yangu, ile ndefu ya safu tatu za viti iliyokuwa teksi ya masafa marefu enzi zile, katika msafara ambao ratiba yake nzima ilikuwa ya chakula: staftahi Mtwapa, madafu na korosho Kilifi, biriani Malindi, kahawa tungu wakati wa kurudi.

Ratiba hiyo ina akili. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na joto la Pwani halielewani na injini ya kabureta, kile kifaa cha zamani kinachochanganya petroli na hewa. Petroli huanza kuchemka ndani ya paipu kabla ya kufika kwenye kabureta; gari hukohoa, huzima, na halikubali kuwaka mpaka lipoe. Wazee hufunga kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu ya petroli, na kweli husaidia. Ila dawa kubwa ni kusimama mapema, kabla ya injini kukulazimisha, na dereva mbishi humpati kusimama kwa hiari mpaka aambiwe kuna mbaazi za nazi mbele. Kila tulipokula, boneti zote zilikuwa wazi. Hakuna gari lililovutwa kwa kamba, kwenda wala kurudi.

Tulikutana alfajiri ufukweni Mama Ngina, Mombasa, chini ya mibuyu. Kulikuwa na Volkswagen Beetle, Land Rover za Series III, Mercedes W123 iliyopakwa rangi upya, Morris Minor moja, na Datsun 160J ambayo mwenyewe haachi kuieleza. Ana haki. Kwa 160J ndipo Shekhar Mehta alipochukua Safari Rally mwaka 1979 na 1980, na mzee yule alisimama barabarani akiwa kijana kuangalia magari yakipita na matope yake. Ukikaa naye unaelewa kwa nini mtu anaweza kutunza gari moja zaidi ya miaka arobaini.

Mtwapa tulikula mahamri yaliyotoka kwenye mafuta wakati huo huo, na mbaazi nzito, tui halijachujuka. Chai ya tangawizi ilitosha kila mtu. Baada ya hapo barabara ilikuwa vumbi na michepuko kwa sababu ya upanuzi, halafu mashamba ya katani ya Vipingo, mpaka daraja la Kilifi. Wale wa makamo walikumbushana foleni za feri kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Wauza korosho walituzunguka kama kawaida yao, lakini safari hii wengi walisahau biashara, wakawa wanauliza gari hili ni la mwaka gani, gia yake mbona iko kwenye usukani. Nunueni kwao, za kukaangwa kwa chumvi ni nzuri.

Magofu ya Gede tuliyapita tu. Naona ni hasara, lakini biriani lilikuwa linangoja.

Malindi ndiko ningependa kukaa kidogo. Chakula kilipikwa na akina mama wa mtaani, kikaandaliwa kwenye jamvi, sinia moja watu wanne. Waandaaji walikuwa na sharti moja: waliokuja kwa gari moja hawali sinia moja. Mwanzoni watoto walinung'unika, kisha wakazoea. Mimi nilikaa na mzee wa Datsun, dada mmoja mwenye Beetle ya mwaka 1966, na fundi mstaafu wa bandarini ambaye hana gari lake tena ila klabu haimwachi nyuma. Birika la maji likapita, tukanawa, sinia likaja: wali wa zafarani upande, rojo la nyama ya mbuzi limemwagwa katikati, viazi, kachumbari, achari ya embe, na juisi ya ukwaju kwenye jagi. Fundi alikuwa akisukuma mapande ya nyama kuelekea upande wa yule dada. "Kula, mwanangu, usione haya. Baadaye nitakutazamia hiyo pointi yako ya cheche za injini, naisikia haishiki vizuri." Alikuwa ameisikia tangu Kilifi, akingoja wakati wa kusema.

Hilo ndilo ninalolilipia. Ukienda gereji na gari la mwaka 1979, mara nyingi unaambiwa uuze. Kwenye sinia unaambiwa nani ana rejeta ya 504 uani kwake. Sisi wa Pijo tuna bahati, kwa kuwa pikapu za 504 ziliendelea kuunganishwa hapa Kenya miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza sedani yake mwaka 1983, kwa hiyo vipuri bado vimelala mitaani kwa anayejua pa kuuliza. Mwenye Morris yeye huagiza Uingereza, na husubiri. Siku hiyo aliondoka na mpira wa breki aliopewa bure na mtu ambaye asubuhi walikuwa hawajuani.

Sasa kasoro, maana waandaaji wanasoma. Biriani lilichelewa mno baada ya sala ya Adhuhuri, na kila kitu baada yake kikachelewa. Kahawa na kaimati tulivipata giza limeshaingia. Beetle ya 1966 ina umeme wa volti 6. Taa zake ni hafifu sana kwenye barabara yenye malori na michepuko ya ujenzi, na ilibidi tumweke yule dada katikati ya msafara, Land Rover mbele, mimi nyuma. Tulifika salama, lakini safari ya magari ya kale iishe kabla ya Magharibi. Pia magari yalikosa kivuli Malindi, na dashibodi za zamani hupasuka kwa jua. Turubai tu lingetosha.

Ada inalipia chakula chote; mafuta ni yako. Beba maji ya rejeta, fenibelti ya akiba, na kitambaa cha pampu. Nguo iwe ya kukalia jamvini.

Safari ijayo ni ya Kusini, kuku wa kupaka Msambweni. Bado wanajadili kama tuvuke kwa feri ya Likoni au tupite barabara ya Dongo Kundu isiyo na feri. Kura yangu ni Dongo Kundu: kusukumana kidogo kidogo kwenye foleni ya feri, jua la saa nne, ni kuzitafutia injini zetu maradhi.