Benki Kuu au Mahakama ya Madai Madogo?
Mteja nchini Kenya aliyekatwa pesa asizozielewa, na benki yake ikashindwa kumpa maelezo ya kuridhisha, hujiuliza aelekee wapi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara, lakini njia za kuipata hazifanani.

Kulalamika Benki Kuu hakuhitaji wakili: barua, nakala ya taarifa ya akaunti yenye makato yaliyopigiwa mstari, na jibu la benki. Hata hivyo, Benki Kuu ni msimamizi wa mabenki, si hakimu wa kukukadiria fidia.

Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, nayo yapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe, ila utalipa ada na kupoteza siku za kazi, na rufaa huhusu hoja za kisheria pekee.

Anayetaka kosa lirekebishwe haraka aanzie Benki Kuu. Aliyepata hasara anayoweza kuithibitisha kwa hati atafaidika zaidi mahakamani.