Kutafuta sheria: TanzLII au programu ya akili unde?

Mkulima wa chai wa Tukuyu mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba anaweza kutafuta sheria kwa njia mbili. TanzLII, hazina ya sheria ya bure mtandaoni ya Mahakama ya Tanzania, humpa hukumu zenyewe, ingawa nyingi ziko kwa Kiingereza na huhitaji istilahi ambazo wanasheria ndio wanaozijua. Programu ya akili unde humsikiliza kwa Kiswahili cha kawaida, ikageuza malalamiko yake kuwa swali la kisheria na kumtafutia vifungu; lakini huweza kubuni kifungu kisichokuwepo, au kumwambia kwamba baraza la kata litaamua shauri, ilhali tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo husuluhisha tu. Ningeanza na programu, kisha kila kifungu nikihakiki TanzLII.