Breki za trela: tatizo lilikuwa waya ndani ya ekseli

Mteremko wa Thompson Hill, pale barabara ya I-35 inaposhuka kuingia mji wa Duluth, Minnesota, Marekani, ndipo nilipojua trela yetu ya kulala safarini haina breki za kuaminika. Nilikuwa na mke wangu na watoto wawili kwenye pikapu, Ziwa Superior linaonekana kule chini, nakanyaga breki na trela inatusukuma kwa nyuma. Kontrola ya breki pale kwenye dashibodi ikawasha alama ya shoti, ikazima, ikawasha tena tulipopita kwenye shimo la lami. Nilishuka kwa gia ndogo hadi chini. Hakuna aliyeongea.

Tuliporudi Minneapolis nikaipeleka gereji. Wakaniambia ninunue breki mpya magurudumu yote manne, dola 900. Hawakushika mita ya kupimia umeme hata mara moja, na hilo ndilo lililonifanya nirudi nyumbani na trela yangu.

Breki hizi ni za umeme. Ndani ya dramu ya kila gurudumu mna sumaku. Ukikanyaga breki, kontrola inapeleka umeme kwenye waya wa bluu, sumaku inaing'ang'ania dramu na kuvuta mkono unaotanua viatu vya breki. Kwa dramu ya inchi 10 sumaku moja hula takriban ampia 3 (ampia ni kipimo cha umeme unaopita kwenye waya). Trela yangu ina ekseli mbili, sumaku nne, kwa hiyo nilitegemea ampia 12 hivi. Nikabana mita kwenye waya wa bluu, mke wangu akasukuma swichi ya mkono ya kontrola hadi mwisho. Ampia 6! Magurudumu mawili ya mbele hayakuwa yakipata umeme kabisa, viunganishi vyake vimeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani huku Minnesota wakati wa theluji. Nilipoutikisa waya wa ekseli ya nyuma, namba ikaruka juu na alama ya shoti ikarudi.

Kiwandani, waya wa kutoka gurudumu moja kwenda la pili ulikuwa umepitishwa ndani ya bomba la ekseli, na tundu unapoingilia halikuwekwa mpira wowote, ni chuma kitupu chenye makali. Niliuvuta polepole mpaka ukatoka. Pale ulipokuwa ukigusa tundu, ganda limechunika sehemu ndogo kama punje ya mchele, na shaba ya ndani imegeuka kijani. Kila trela inaporuka kwenye shimo, punje hiyo inagusa chuma. Nilikaa chini pale kwenye turubai nikiitazama kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo ilikuwa kati ya watoto wangu na ule mteremko.

Sikurudisha kitu ndani ya bomba. Nilinunua waya wa geji 12, nyuzi mbili ndani ya ganda moja nene (ule wa zamani ulikuwa geji 16, mwembamba, na umeme unapotea njiani kabla haujafika magurudumu ya nyuma). Nikaupitisha nje, nyuma ya ekseli, ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, nikaacha kitanzi kilicholegea pale unapopanda kwenye chasisi, kwa sababu springi zinapanda na kushuka. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme, nao nikaurudisha mpaka kwenye waya mweupe wa plagi. Sikutegemea boliti ya chasisi yenye kutu. Sumaku ina waya mbili za rangi moja, na yoyote kati yake yaweza kwenda kwenye bluu. Viunganishi nilitumia vya kubana vyenye mpira unaosinyaa kwa joto na gundi ndani, na hivi navisifu kwa moyo wote: majira ya baridi yamepita na hakuna hata kimoja kilichoingiza maji.

Lalamiko langu ni vifungo vya plastiki vya kushikilia waya. Vile vya bei rahisi vilikatika kwa baridi, vitatu upande mmoja. Weka vibano vya chuma vyenye mpira tangu mwanzo. Na mita ya kubana iwe inayopima umeme wa betri, maana nyingi za bei ya chini hupima umeme wa nyumbani tu. Vifaa vyote, bila mita, vilinigharimu dola 85 na Jumamosi mbili.

Jumamosi ya pili mwanangu wa kike ndiye aliyeshika mita. "Baba, kumi na moja nukta nane!" Tukachomoa plagi kwenye pikapu, nikavuta pini ya dharura, ile inayofunga breki kwa betri ya trela endapo trela itaachana na gari barabarani. Nikamwambia mke wangu avute mbele taratibu. Matairi yote manne yakagoma kuzunguka, yakakwangua kokoto.

Naye akateremsha kioo akaniuliza, "Sasa Duluth lini?"