Enduro ya kushindana: kabla ya kuuliza nguvu, uliza feni

Msomaji mmoja wa Nakuru amenunua enduro, yaani pikipiki ya mashindano ya porini na milimani, ya mipigo miwili, cc 300, kwa pesa ambazo zingetosha kiwanja. Alipoipandisha mara ya kwanza ukuta wa Bonde la Ufa upande wa Ngong, gia ya kwanza, mawe yanakimbia chini ya tairi, rejeta ilichemka kabla hajafika nusu ya mlima. Picha aliyonitumia inaonyesha matone ya kijani yakichuruzika juu ya bomba la moshi. Mwingine wa Athi River ana malalamiko yale yale. Wa tatu ameshaunguza gasketi ya kichwa, na spea yake ameisubiri wiki sita. Si wanagenzi hawa. Waliuliza uzito, wakauliza shokapu, wakauliza nguvu. Feni hakuna aliyeiuliza.

Basi leo nguvu za farasi naziacha. Kama umefika kiwango cha kushindana, unajua kwamba 300 yoyote ya Ulaya ina nguvu kuliko mikono yako, na zote zina uzito wa kilo mia na kidogo bila mafuta. Tofauti inayokurudisha nyumbani ukiwa juu ya pikipiki, badala ya kuisukuma, ni joto.

Rejeta hupozwa na upepo wa mwendo. Kwenye barabara ya vumbi ya Kajiado huo upepo unao wa kumwaga. Kwenye mlima wa mawe unatembea kama mtu mwenye mzigo, klachi umeishika nusu nusu, injini inapiga kelele, na hewa haipiti, isipokuwa feni iivutie kwenye rejeta. Kulanti yenyewe, yale maji ya kupozea injini, ni lita moja na kitu tu. Ongeza na mwinuko: Nairobi maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 94, wala si 100, na ukipanda zaidi yanachemka mapema zaidi. Kifuniko cha rejeta hubana presha na kukusogezea hicho kipimo juu, lakini umeshaanzia chini kuliko mwenzako wa Mombasa. Kikishafunguka kulanti ikamwagika, hewa inaingia, kichwa kinapata moto pasipo maji, na hapo fundi ndiye anayekula pesa yako.

Kwa hiyo pikipiki nimezipanga kwa kigezo hicho, na sioni haya.

Ya kwanza ni Sherco 300 SE. Ndiyo, naipenda, na wanaonijua wamechoka kunisikia. Wafaransa hawa wa Nîmes huitoa pikipiki kiwandani ikiwa na feni tayari, wala si kifaa cha kununua pembeni. Inakosha roho unapoisikia ikianza kuvuma yenyewe katikati ya mlima. Mario Román alichukua ubingwa wa dunia wa enduro ngumu mwaka 2022 juu ya Sherco, na Wade Young wa Afrika Kusini ameshinda nayo mbio za Roof of Africa kule Lesotho, nchi ambayo hata bonde lake la chini kabisa liko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Mashabiki wa KTM ya Austria watanirukia hapa: Sherco bado ni ya kabureta! Kweli. Ukiipima jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta, kwa hewa nyepesi ya Limuru kisha ukateremka nayo hadi Magadi bila kubadilisha, mafuta yanapungua kuliko hewa na pistoni inaweza kukwama. Ndiyo maana jeti kubwa hukaa mfukoni. Kuibadilisha ni kazi ya bisibisi na uvumilivu.

Ya pili, KTM 350 EXC-F. Mipigo minne, ina injekta, na feni inakuja nayo. Ukitoka Ngong hadi Magadi siku moja huna haja ya kugusa kitu. Imeshuka nafasi moja kwa sababu ikizimika kwenye mteremko mbaya haina huruma kama ya mipigo miwili, na kufungua injini yake ni gharama ya aina nyingine.

Ya tatu, Beta RR 300 ya Italia. Ni tulivu mlimani kuliko zote, na ile RR ya kawaida huchanganya oili yenyewe, mradi usiichanganye na RR Racing, ambayo unaichanganyia wewe kwenye mafuta. Feni uipigie hesabu tangu mwanzo.

KTM 300 EXC, Husqvarna TE 300 na GasGas EC 300 ni ndugu wa tumbo moja, injini ni ile ile. Husqvarna na GasGas hutofautiana na KTM zaidi kwa shokapu na mapambo kuliko kwa moyo. KTM ilianza kuweka injekta kwenye mipigo miwili kwa mifano ya 2018, na tangu ya 2024 mfumo ni mpya. Pikipiki nzuri mno. Lakini kwenye 300 EXC ya kawaida feni ni ya kuongeza, na hilo, kwa bei ile, linanikera hadi leo. Kampuni yenyewe iliyumba vibaya mwisho wa 2024, na Bajaj ya India, wale wale wa Boxer, ndio walioweka fedha za kuiokoa mwaka 2025. Pengine sasa spea zitapita njia ya nduthi.

Za bei rahisi? Honda CRF300L na wenzake ni za kusafiria, kilo 140 hivi. Za Kichina za cc 250 ni za shambani. Tusonge mbele.

Ukinunua mtumba, usikubali kuwashiwa injini ikiwa tayari ina moto. Ije baridi. Iache iungurume papo hapo bila kusogea hadi feni iwake. Isipowaka, fuata waya mpaka kwenye swichi ya joto, kwani wengi huikata ikianza kusumbua. Kisha simama mbele uangalie rejeta zote mbili: iliyopinda upande mmoja imeshaanguka juu ya jiwe. Saa za injini zitazame pia, maana hizi hazihesabiwi kwa kilomita.

Na sasa madalali. Huyu msomaji wa Nakuru aliambiwa pikipiki ni mpya, kumbe ni mfano wa mwaka uliotangulia uliokaa kwenye kreti. Aliambiwa ina kila kitu. Alipolalamika kuhusu joto, muuzaji yule yule akamuuzia feni kwa bei ya kuruka, akamtoza na kazi ya kuifunga, akaongeza VAT ya asilimia 16 juu ya risiti iliyoandikwa kwa mkono. Nimeiona hiyo risiti. Haina hata namba ya PIN ya KRA.