Gambuti za kuingia nazo jarubani: anza na kisigino

Tangu watu waanze kuchavanga majaruba, yaani kuvuruga udongo na maji kwenye vishamba vya mpunga, meseji ninazopokea zinafanana. "Dada, gambuti nimenunua juzi tu, imebaki kwenye tope, mguu umetoka mtupu." Mwingine amepandikiza mpunga wake wote wa SARO peku, gambuti mpya akaziacha tutani zinaota jua. Hela imekwenda, na kinga hana.

Na kinga inahitajika. Kichocho hakisubiri umeze maji: vijidudu vyake vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi ukiwa umesimama ndani ya maji. Homa ya mgunda mnaikumbuka, ile iliyoua watu Ruangwa mwaka 2022. Hiyo huenezwa na mikojo ya panya na wanyama wengine, na panya hawakosekani penye mpunga.

Mambo ya kuvuja na rangi sitayagusa. Buti inayovuja itajitangaza yenyewe siku ya kwanza. Ninachotaka mkague ni kisigino na kifundo, ambavyo hakuna muuzaji atakayevitaja.

Tope lililochavangwa vizuri linaishika buti pande zote. Ukinyanyua mguu, chini ya soli hakuna hewa wala maji ya kujaza nafasi, kwa hiyo tope linavuta chini na wewe unavuta juu. Buti pana kifundoni inabaki, mguu unachomoka. Inayobana kiasi inakuruhusu uinue kisigino kwanza, maji yapenye kwa nyuma, na buti ifuate mguu.

Dukani fanya hivi: vaa soksi zile zile za shambani, simama, mwombe mtu akanyage ncha ya buti taratibu, kisha inua kisigino. Kikipanda ndani zaidi ya upana wa kidole, iache hapo hapo. Muuzaji atakwambia, "Vaa soksi mbili, mama." Soksi mbili zikilowa zinajikunja chini ya unyayo, na ifikapo saa nne umeshapata lengelenge.

Hiyo habari ya soksi mbili inanichefua kwa sababu nyingine pia. Huku kwetu kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, Kilimanjaro, wapandikizaji wengi ni wanawake, na miguu yetu ni 37, 38. Ingia duka la pembejeo uulize 37 uone utakavyotazamwa. Utaletewa 41 na tabasamu. Mwenye kuinama jarubani kutwa nzima ni mwanamke, lakini mzigo unaagizwa kwa mguu wa mwanamume.

Chaguo langu la kwanza ni Bata, wala sifichi upendeleo. Tumezoea kuiita kampuni ya Kenya kwa sababu ya kiwanda cha Limuru, ingawa ilianzia Zlín, katika Czechia ya leo, mwaka 1894. Mimi naipendea kifundo: nilizovaa zinakaa, na shingo yake inajikunja bila kupasuka ukichuchumaa kung'oa miche. Huku hazipatikani kila duka, wengine huvuka mpaka wa Holili kuzifuata Taveta, Kenya. Nauli hiyo ihesabuni kwenye bei.

Ya pili ni Dunlop Purofort ya Uholanzi. Hii si plastiki ya kawaida. Ni poliyurethani yenye vipovu vidogo vya hewa ndani yake, ndiyo maana ni nyepesi mguuni. Tatizo ni bei, ni ya mwenye ndugu Ulaya anayekuja likizo na begi lenye nafasi.

Ya tatu ni zile za usalama zilizoandikwa S5, maana yake zina kinga ya vidole na soli isiyotobolewa na msumari. Kwenye ujenzi, chukua. Jarubani utakuwa unanyanyua chuma na tope kwa pamoja.

Wenye mabwawa ya samaki huniuliza habari za suruali-buti, zile zinazofika kifuani. Kisigino ni kile kile, ila hapa mkanda wa kiunoni ni lazima, na uwe umekazwa kwelikweli. Ukianguka bila mkanda, maji yanajaa miguuni na kutoka bwawani ni shughuli. Isiyo na mkanda usinunue hata ikiwa nusu bei.

Za bei ya kutupwa zenye harufu kali ya plastiki: safishia banda la kuku.

Wajapani, waliosaidia kuijenga skimu yetu miaka ya 1980, kwao wana buti za kupandikizia mpunga: nyembamba, laini, zenye mkanda wa kukaza kifundoni. Mafunzo ya kupandikiza kwa mstari tulipewa. Buti hizo sijaziona hata duka moja, na wafanyabiashara wetu wanaagiza hadi taa za Krismasi.

Halafu bei. Wakati wa kiangazi gambuti zinaning'inia mlangoni zimejaa vumbi, muuzaji anakubembeleza. Wingu likitanda tu, jozi ile ile imepanda, na sababu ni "dola". Dola gani, wakati vumbi la Agosti bado liko juu yake? Ukilalamika unaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo nunueni kiangazi, na mjaribu miguu yote miwili. Msiridhike na namba ya kwenye kikaratasi. Pindueni buti msome iliyochapwa chini ya soli, kulia na kushoto, kwa sababu jozi ya 38 na 39 nimeuziwa mimi, zimefungwa pamoja kwa kamba kana kwamba zimezaliwa mapacha.