Meza ya stenlesi toka karakana ya Nyakato, kwa wenye migahawa ya samaki someni hii

Wenzangu wa migahawa ya Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka Igogo, mnaotafuta meza ya kuparia sato isiyoota kutu, hii karakana ya Nyakato naipa nyota 5 kwenye kazi na 3 kwenye muda, maana walichelewa na simu wanapokea kwa mbinde.

Kilichonivutia ni fundi, kabla hajashika hata futi anakuuliza unaosha na nini. Wengine wanakwambia tu stenlesi haishiki kutu, wakati kuna madaraja ya stenlesi, 201, 304 na 316, na haziko sawa hata kidogo. 201 ni bei chee sababu nikeli imepunguzwa ikawekwa manganizi, 304 ina kromiamu kama 18% na nikeli 8%, 316 inaongezewa molibdenamu 2 mpaka 3% ndo maana inavumilia chumvi zaidi. Na msipime kwa sumaku jamani mkidhani isiyonasa ndiyo nzuri, 201 nayo mara nyingi hainasi, mtapigwa.

Sasa asidi. Stenlesi inalindwa na utando mwembamba wa kromiamu iliyoungana na hewa, huuoni kwa macho, ukikwaruzika unajirudishia wenyewe. Ile asidi kali ya kusafishia choo, haidrokloriki, inautoboa na haiupi nafasi ya kujirudi, utaona vitundu vyeusi vidogo vidogo, na hapo hata 316 haiponi. Sitriki ya unga, ile asidi ya limau, haina shida kabisa, viwandani wanaitumia mpaka kuimarisha huo utando. Dawa ya madoa ya klorini siyo asidi ila ukiiacha imelala usiku kucha nayo inakula, na msije mkaichanganya na asidi yoyote, hewa inayotoka inaua.

Kingine ni maungio. Pale palipochomelewa panabaki rangi ya bluu na kahawia, mafundi wengi wanapaka silva juu yaishe, na kutu inaanzia hapohapo. Hawa wanapasafisha kwa dawa ya asidi za naitriki na haidrofloriki, kitu hatari sana kikigusa ngozi, ila glovu na miwani wanavaa na wanasuuza kwa maji mengi.

Mimi nimechukua 304 maana yangu inakutana na sabuni, maji na limau, ila kama unaweka samaki wa chumvi juu yake siku nzima jikaze uchukue 316. Kingo za chini waliniachia kali, mwambie azipige msasa kabla hujamalizia hela.