Ukianza kutengeneza video fupi Nairobi, nunua nini kwanza?

Binamu yangu anauza chapati Umoja. Juzi alikuja mjini na shilingi 6,000 za akiba, moyo wake wote ukiwa kwenye taa ya duara, kwa sababu kila anayemtazama TikTok anayo. Nilimwomba tuketi, tuagize chai, kisha aandike kwenye daftari video tano anazotaka kutengeneza. Akaandika: kukanda unga, kukunja chapati, wateja wakieleza wanavyozila, bei ya unga wiki hii, na jinsi ya kuhifadhi chapati zisikauke.

Tukaisoma orodha pamoja. Video tatu ni za watu kuongea, mbili ni za mikono mezani, na kibanda chake kiko nje, kwenye mwanga wa mchana. Taa ya duara haikuhitajika popote.

Kwa hiyo andika kabla hujaenda dukani. Kwa kila video, mistari mitatu yatosha: sentensi ya kwanza utakayosema, kitakachoonekana, na pa kuishia. Sentensi ya kwanza ndiyo ya kuhangaikia zaidi, kwa maana mtu huamua kubaki au kupita ndani ya sekunde chache. Isome yote kwa sauti ukitazama saa. Mimi nikisema taratibu, maneno 60 hivi hunimalizia nusu dakika.

Ya kwanza: maiki

Kama unaongea kwenye video zako, anzia hapa. Watu huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini sauti iliyomezwa na honi za matatu huwafukuza mara moja. Maiki ya simu iko mbali na mdomo wako, kwa hiyo inachukua barabara nzima pamoja nawe.

Kuna njia mbili za bei nafuu. Ya kwanza ni maiki ya waya ya kubana kwenye kola. BOYA BY-M1 ndiyo ninayoijua vizuri: waya wake una mita 6, inatumia betri ndogo ya LR44, na ina swichi ya kuchagua simu au kamera. Ukiiacha upande wa kamera huku umeichomeka kwenye simu, utarekodi kimya kitupu au sauti hafifu. Hilo limewaliza wengi. Tena inataka tundu la duara la milimita 3.5, na simu nyingi za sasa hazina, kwa hiyo ongeza adapta kwenye hesabu.

Njia ya pili ni maiki ndogo zisizo na waya, kipokezi kimoja na maiki mbili, zile zinazoitwa K9 madukani. Ukihoji wateja, hizi zinakufaa zaidi. Hakikisha kipokezi kinaingia kwenye tundu la chaji la simu yako: Android nyingi ni Type-C, iPhone ni Type-C kuanzia 15, za kabla ya hapo ni Lightning. Kuna nakala nyingi za ubora tofauti, kwa hiyo usilipe kabla ya kujaribu.

Tulijaribu hivi Luthuli Avenue. Nilimwambia muuzaji, "Kaka, nipe dakika mbili." Binamu akabana maiki chini kidogo ya shingo, akaenda hadi mlangoni pa duka penye kelele, akahesabu moja hadi ishirini akigeuka huku na huku. Tukasikiliza kwa earphone zetu wenyewe. Seti ya kwanza ilikuwa inakatakata kila alipotupa mgongo. Ya pili ilitoa kila nambari safi, hata pikipiki ilipopita. Tukachukua hiyo, na risiti yenye muda wa kuirudisha.

Ya pili: stendi

Angalia kibano tu. Kitikise simu ikiwa ndani, ikiteleza, rudisha. Anayerekodi mikono mezani achukue stendi yenye mkono wa kuinamisha simu itazame chini. Rekodi simu ikiwa wima, pikseli 1080 kwa 1920 (ndiyo 1080p), ndiyo inayojaza skrini ya TikTok, Reels za Instagram na Shorts za YouTube.

Ya tatu: taa

Ina maana ukirekodi usiku au katika nyumba ya giza. La sivyo, kaa ukitazama dirisha. Jua letu la saa sita huwa utosini na hutia vivuli machoni. Asubuhi au kuanzia saa kumi na moja jioni ni bora. Mawingu ya Julai ambayo sote tunayalalamikia hutoa mwanga laini mno. Ukinunua, iwashe dukani na urekodi: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa duni hutoa mistari inayotembea kwenye picha.

Ya mwisho: simu mpya

Subiri. Futa lenzi kwa kitambaa, tumia kamera ya nyuma, uone kwanza. Kinachowakwamisha wengi ni nafasi ya kuhifadhi video kwenye simu: dakika moja ya 1080p inaweza kula megabaiti 60 hadi 130. Ikibidi kununua ya mkono wa pili, piga *#06# ulinganishe nambari ya IMEI, yaani ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, kisha rekodi dakika tano mfululizo uone kama inachemka.

Kuhariri hakuhitaji pesa. Programu ya CapCut ya bure yatosha. Hifadhi nakala safi kwenye simu kabla ya kupandisha popote, ili ukiipeleka Reels au status ya WhatsApp isiende na nembo ya TikTok juu yake. Chenji ya binamu ilienda kwenye bando, na video ya bei ya unga ilipanda jioni hiyo hiyo, sekunde 28.